Vibomba Vilivyorudi Safi

Katika miaka yangu yote ya uuguzi nilijisifu kwa jambo moja: sikuwahi kutamka neno zito mbele ya mgonjwa. Wauguzi vijana waliotaja viungo vya mwili kwa majina yake niliwakemea hapo hapo, maana nina hasira za karibu. Niliwaambia lugha nayo huvaa nguo, haitembei uchi. Walikuwa wakinicheka pembeni, nami nilijua, na sikujali.

Nilipohamishiwa Songea nilipangiwa kliniki moja ya Bombambili. Hapo nikamkuta mfamasia aliyekuwa akitengeneza jeli mpya ya kutibu fangasi za ukeni. Dawa za zamani, alinieleza, kwa baadhi ya wanawake zilikuwa zimeanza kushindwa: mtu anapata nafuu, kisha muwasho unarudi. Krimu nazo huyeyuka na kuvuja kabla hazijafanya kazi. Jeli yake ilitakiwa kung'ang'ania pale inapowekwa. Kila mwanamke aliyekubali kuijaribu alipewa tyubu na kibomba cha plastiki, kama bomba la sindano lisilo na sindano. Alitakiwa akijaze jeli, akiingize ndani, asukume, halafu akioshe na kuja nacho siku ya kurudi.

Maelekezo yaliandikwa kwa Kiingereza, na kazi ya kuyaweka katika Kiswahili nikapewa mimi. Palipotajwa waziwazi mahali pa kuingiza dawa, mimi niliandika: "Pima dawa kwa kibomba, kisha paka sehemu za siri kabla ya kulala." Mfamasia aliisoma, akakuna kichwa, akaniuliza kama wataelewa. Nilimjibu kwamba wanawake wa Songea si watoto. Hakuuliza tena. Alikuwa kijana wa kiume, na nadhani naye alishukuru kwamba neno lile halikuandikwa.

Mmoja wa wanawake hao alikuwa akiishi mtaa wa Ruhuwiko. Kwao ni Mbesa, ameolewa na mfanyabiashara wa korosho ambaye muda mwingi yuko njiani kati ya Tunduru na Songea. Alikuwa ameshameza dawa za yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo, mara tatu bila kupimwa, kwa kuwa mjini hapa kila muwasho ni yutiai. Tulipompima tukakuta fangasi.

"Shikamoo nesi," alisema siku ile, akabaki amesimama mpaka nilipomwambia akae. Kisha akanieleza shida yake kwa sauti ya kawaida kabisa. Mume wake alikuwa amesema ugonjwa usiopona ni ugonjwa wa nje, umeletwa nyumbani na mtu. Alimpa wiki mbili. Akirudi safari na kumkuta bado anajikuna, atafute gari la kwao.

Nilimwambia fangasi si ushahidi wa uzinzi, hata msichana asiyemjua mwanamume huzipata. Nikamwambia atapona kabla mume hajarudi. Nilisema hivyo kwa uhakika ambao hakuna aliyenipa.

Wiki mbili zilipopita wanawake wakaanza kurudi. Vibomba vyao vilikuwa vinang'aa. Niliwasifu kwa usafi, nikaandika kwenye daftari: kimerudishwa, kisafi. Tyubu zilikuwa tupu, kwa hiyo dawa ilitumika. Lakini walipopimwa, wengi walikuwa na fangasi vilevile. Mfamasia alikaa chumbani kwake akitazama majibu, chai yake imepoa mezani. Alisema huenda jeli haifai, itabidi iachwe. Nilimhurumia kwa dhati. Haikunijia hata kidogo kujitazama mimi.

Yule wa Ruhuwiko alikuja wa mwisho, na begi la nguo. Mume alikuwa amerudi jana yake.

"Dawa yenu si mbaya, nesi," alisema. "Ngozi ya nje imelainika kama nimepaka mafuta ya nazi. Ndani ndiko kunakowaka."

Nikamuuliza alikuwa anaiweka wapi. Akanionyesha kwa kidole kwenye karatasi yangu mwenyewe: pima, paka. Alikuwa akipima kwa kibomba, anakamulia kwenye kidole, anapaka kwa nje, anaosha kibomba. Alifuata neno kwa neno.

Nilihisi uso unawaka. Nikamwambia kosa ni langu, dawa ile ni ya kuingizwa ndani, ukeni. Aliikunja ile karatasi, akaiweka mezani.

"Sasa mbona hukusema? Sisi kwetu unyagoni tunaambiwa yote, kwa majina yake. Nilidhani wewe ndiye unayeona aibu, nikakustahi."

 Akatoa simu, akampigia mumewe, akafungua spika na kuiweka juu ya meza. "Mweleze wewe," aliniambia. "Mimi hanisikii tena."

Nilimsalimu yule mwanamume, nikamwambia mke wake hana kosa. Ugonjwa ni wa kawaida na dawa haikufanya kazi kwa sababu niliandika vibaya.

"Uliandika vibaya nini?" aliuliza.

Nikamweleza. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili tu chumbani, na hata hivyo nilipofika kwenye lile neno sauti ilinishuka yenyewe, nikalisema kama mtu anayeficha kitu chini ya mkeka.



"Mbona unanong'ona, nesi?" alisema. "Mwenye kusema kweli hanong'oni. Amekuomba unidanganye." Akakata.

Nilitaka kumpigia tena. Mwanamke akanizuia mkono, akachukua simu yake. Hakulia. Nilimpa tyubu mpya na kibomba, nikamwonyesha matumizi yake kwa vitendo, naye akavitia kwenye begi juu ya kanga zake. Nilimsindikiza hadi nje, akapanda bodaboda kwenda stendi.

Alasiri ileile nilikwenda kwa mfamasia nikamwambia yote, na kwamba jeli yake haijashindwa kwa kuwa haijawahi kujaribiwa. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Tukawaita upya wale wanawake wengine tukaanza mwanzo.

Baada ya siku chache simu ikaita kutoka Mbesa. "Nimepona, nesi," alisema. Nikamuuliza habari za mumewe. Akasema kwao wazima wote, mama ananisalimu, na hakusema lingine.

Karatasi mpya ina neno lenyewe, kwa herufi kubwa. Kila mwanamke anayekuja namsomea kwa sauti, na kila nikilikaribia lile neno namsikia yule mwanamume akiniuliza mbona nanong'ona.