Gogo la Bosibori

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kwetu Nyamira, niliuona moto usiokuwa na joto.

Ilikuwa alasiri ya mvua. Mama alinituma kuni kwenye stoo nyuma ya jikoni, chumba kisicho na dirisha, na upepo ukaubamiza mlango nyuma yangu. Nikiupapasa gizani, niliona gogo moja bovu liking'aa chini ya rundo. Mwanga wake ulikuwa wa kijani, umetulia, hautikisiki kama moto. Niliweka kiganja juu yake. Lilikuwa baridi kama tumbo la chura.

Nyanya, ambaye sote tulimwita Magokoro, alikuwa akichambua mboga. Nilipomweleza, mikono yake ilisimama.

"Uliligusa?"

"Ndiyo, Magokoro."

"Moto usiochoma una mwenyewe," alisema polepole, "na mwenyewe haji bure. Kuni zile zilitoka wapi?"

Zilitoka kwa Bosibori, mjane jirani yetu, aliyempa Mama mti wake ulioanguka.

Wiki hiyo mdogo wangu, Nyakundi, alishikwa na kikohozi na homa. Baba akamnunulia antibiotiki kwa mchuuzi wa sokoni, vidonge vya rangi mbili, nyekundu na nyeusi. Mama alimpa kwa saa, hakuruka hata kimoja. Homa haikushuka. Kifua chake kilikoroma siku tano, na siku ya sita kikanyamaza.

Baada ya mazishi, ndugu za Baba waliniketisha katikati yao.

"Uliona mwanga kwenye kuni za Bosibori?"

"Niliona."

Hawakuuliza kitu kingine. Walikwenda kwake na mapanga. Yeye aliponea kwa kujificha kwenye mahindi, na nyumba yake ikateketezwa mchana kweupe, sisi watoto tukitazama.

Siku hizi napima dawa kwenye maabara mjini Kisii. Tunachanganya dawa na kemikali fulani ndani ya kisanduku chenye giza totoro, mchanganyiko unatoa mwanga hafifu, na mashine inaupima. Kwa njia yetu, antibiotiki ikiwa nyingi, mwanga huongezeka. Mara ya kwanza nilipoonyeshwa mwanga huo kwa macho, kiganja changu kilipoa ghafla, nikatoka nje. Mwalimu wangu ndiye aliyenieleza kwamba hata mbao zilizooza zinaweza kung'aa hivyo, kwa sababu ya kuvu wanaozila.

Mwaka jana tuliletewa vidonge vilivyokamatwa kwa mchuuzi. Vyekundu na vyeusi. Nilivipima mara tatu. Mwanga ulikuwa sawasawa na wa maji matupu. Siwezi kuapa kwamba vya Nyakundi vilikuwa hivyo.

Nilimtafuta Bosibori, nikampata kwa kaka yake karibu na Nyamarambe, akipukuchua mahindi. Alinitambua kabla sijataja jina.

"Wewe ni Kemunto."

Nilimweleza habari za kuvu, kisha za vidonge. Nilimwambia niliona mwanga tu, yeye sikumwona. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Mimi nilijua sikuwa mchawi," alisema. "Hilo halikuhitaji mashine." Akatupa gunzi kwenye rundo. "Pale kwangu kuna nini siku hizi?"

"Majani chai, Mama."

"Ya nani?"

"Yetu."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo alilolijua zamani, akachukua gunzi jingine.

Miaka yote nilidhani kosa langu ni kusema nilichokiona, na kosa la mtoto husameheka. Nikiwa nimeketi mbele yake ndipo nilipokumbuka kwamba karo yangu, tangu sekondari hadi nilipovaa koti jeupe la maabara, ilitoka kwenye majani chai yale. Sikupata ujasiri wa kumwambia. Nadhani alikuwa ameshajua.