Mkono Nilioukataa Shimoni

Jamani, aibu ninayo na siifichi, na hili nalisimulia mwenyewe kwa sababu moja tu: huko Iyolwa, upande wa Tororo, wanalisimulia bila mimi, wanaongeza chumvi, na juzi pale Busia mwendesha boda nisiyemjua hata kwa sura alinicheka akaniuliza kama nimeshakauka. Basi bora mlisikie kutoka kinywani mwangu, mimi Wandera, mtoto wa Masinya, fundi wa mitambo ya biogesi, yaani ile inayokula kinyesi cha ng'ombe na kukupa moto wa kupikia (na mbolea juu yake, mkiniacha niendelee nitawauzia mtambo kabla hatujafika katikati).

Wakati huo nilikuwa na mchumba, Athieno, Mjapadhola, fundi wa cherehani pale Busia. Tulishakubaliana mambo yote isipokuwa moja, kwamba wazazi wake walikuwa hawajaniona. Si kwamba nilikuwa nakwepa. Kwetu Wasamia na kwao mambo ni yale yale: huendi kwa wakwe kama unavyokwenda dukani, unakwenda siku maalumu, na wazee wako, mmependeza, na kabla ya hapo huli kwao, jikoni huingii, na mama mkwe humgusi mkono hata kwa salamu, mnakaa mbali mbali kwa heshima. Athieno alikuwa ameniambia mapema kwamba mama yake ndiye mgumu, na akikataa yeye, baba naye hana la kusema, imekwisha.

Sasa asubuhi moja bosi wangu akaniambia niende Iyolwa kwa Mama Okoth, karibu na kanisa, gesi yake imekuwa dhaifu. Nilijua mchumba wangu anatoka upande huo, lakini Iyolwa ni kubwa, akina Mama Okoth wamejaa, na Athieno akimtaja mama yake husema "mama" tu, nami sikuwahi kuuliza zaidi. Nikafika. Mwenye nyumba mchangamfu kweli, aliwahi kuuza muhogo Busia miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili anakimudu kwa namna yake, na mzee wake alikuwa ameenda Tororo mjini kutafuta dawa ya ng'ombe. Akaniingiza jikoni nilione jiko. Tangu moshi wa kuni uondoke humo, mama alikuwa ameupaka ukuta chokaa na kutundika picha za watoto wake, na mimi nilipoinuka kutoka kuangalia ule moto mdogo uliokuwa ukijikokota chini ya birika, nikakutana uso kwa uso na Athieno. Amevaa joho, siku ya kumaliza chuo cha ushonaji, anacheka. Picha hiyo hiyo ninayo kwenye simu.

Hapo ningesema nimesahau spana, nikatoka, nikapanda boda, na leo ningekuwa mtu wa kuheshimika. Lakini nikajiambia kazi yenyewe ni fupi, huyu mama hanijui, nitatengeneza nitaondoka, na siku ya kuja rasmi nitakuwa na suti na ndevu zimenyolewa, nani atamkumbuka fundi wa kinyesi? Nikanyamaza. Uamuzi mdogo tu.

Mama akaleta chai na muhogo wa kuchemsha.

"Kula, mtoto yangu. Fundi hawezi kufanya kazi na njaa."

Ningekataaje? Fundi anayekataa chai anashukiwa. Nikala, jikoni kwa mama mkwe, nimekaa kwenye kigoda chake (mababu zangu huko waliko nadhani walifunika nyuso). Akaniona naitazama picha, kwa sababu nilikuwa najitahidi sana kutoitazama.

"Huyo msichana yangu. Iko kijana moja Msamia nasumbua yeye huko Busia. Nasikia kazi yake kuchimba mavi."

"Kuchimba mavi," nikasema.

"Sasa mimi nilisomesha mtoto aende kwa mtu ya mavi? Akileta wazee yake hapa, mimi nafukuza. Ongeza chai."

Nikaongeza. Nilitaka kumwambia kwamba hiyo chai yenyewe imechemshwa na mavi hayo hayo, ila mdomo ulikuwa umejaa muhogo wake. Nikamshukuru, nikatoka kwenda mtamboni nikiwa na nia moja tu, nimalize niondoke kabla sijaharibu zaidi.

Tatizo nililiona upesi. Mtambo ule uko chini ya ardhi, kinyesi kilichochanganywa na maji kinaingia upande mmoja, na tope lililokwisha kutoa gesi linatokea upande wa pili kwenye shimo lililofunikwa kwa vifuniko vya zege. Niliposogeza vifuniko nikakuta tope limeganda juu, utando mgumu umeziba njia, ndiyo maana gesi haikuwa na nguvu. Dawa yake ni kuupasua utando kwa mti mrefu na kukoroga. Kazi nyepesi. Nikawa napasua, nakoroga, hata nikaisifu moyoni plasta ya shimo lile, aliyejenga alikuwa fundi kweli, ukuta laini kama sahani.

Ndipo mama akaja kuangalia. Alipenda kujua kila kitu, akauliza huo utando unatoka wapi, akasogea. Nami mwili wangu, bila kuniuliza, ukakumbuka kwamba huyu ni mama mkwe, mtu wa kukaa naye mbali, nikarudi nyuma kidogo. Yeye akasogea, mimi nikarudi. Akasogea tena anioneshe mahali anapomimina maji ya kuoshea vyombo, nami nikarudi tena kwa heshima zote, na nyuma yangu hapakuwa na ardhi.

Niliingia wima, hadi kifuani. (Harufu sitaisimulia, mnaokula mtanisamehe.) Nikajaribu kupanda, mikono ikateleza, nikajaribu upande wa pili, ikateleza, ile plasta niliyoisifu haikuwa na hata mkwaruzo wa kushika. Mama akapiga magoti ukingoni, akanyoosha mkono wake hadi karibu na pua yangu.

"Leta mkono."

Mimi nikaizamisha mikono yangu yote miwili kwenye tope.

"Leta mkono, nasema."

"Hapana, mama. Asante."

"Wewe nakataa mkono yangu? Nafikiri mimi naogopa mavi? Mimi nimezaa watoto saba."

Akainama zaidi, akawa anaukamata ukosi wa shati langu, nami nikijua akinigusa tu basi, siku watakapotambua mimi ni nani itakuwa mkosi juu ya mkosi, na Athieno nimempoteza. Sikuwa na mahali pa kurudi nyuma tena.

"Mama, usinishike. Mimi ndiye Wandera. Wandera wa Athieno."

Mkono ukarudi juu haraka. Akasimama, akajifunika kichwa kwa kitenge, akanipa mgongo.

"Wewe ndiyo Wandera," akauambia mgomba uliokuwa mbele yake.

"Ndiyo, mama."

"Na muhogo yangu umekula."

"Nimekula."

"Na chai ya pili."

"Na ya pili, mama."

Akafikiri. "Na ile maneno nilisema juu ya Wandera, ulisikia."

"Nilisikia."

Nilikuwa nimeshakata tamaa, naona kabisa Athieno anaolewa na mwalimu fulani msafi. Sasa mama akakwama, maana kunitoa mwenyewe hawezi, kuniacha hawezi, na akiita watu lazima waulize kwa nini amesimama hatua mbili kutoka kwa mtu aliyezama, huku amempa mgongo. Akavuta pumzi, akapiga yowe hadi kuku wakakimbia. Kidhopadhola changu, yaani lugha ya kwao, ni cha kuombea maji tu, lakini neno la mkwe nalijua, ndilo la kwanza Athieno alilonifundisha, na mama alilirudia kwa sauti ya kusikika kijiji kizima: mkwe wangu amezama, njooni mnitolee mkwe wangu. Nami mle shimoni, kifuani tope, inzi usoni, sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Kanisani kwaya ilikuwa mazoezini, ikaja yote, sauti zote nne, pamoja na ngazi ya kanisa. Wanaume wakanitoa, wakanipeleka kwenye pampu ya maji wakaniogesha kama ng'ombe wa maonyesho, huku wanawake wakiambiwa wageuke nao wakikataa kugeuka. Nguo zangu hazikufaa tena, na nguo za mzee wa nyumba nisingethubutu kuzivaa, kwa hiyo nikapewa joho kuukuu la kwaya, na hivyo ndivyo nilivyorudi Busia juu ya boda, joho likipepea, njia nzima watu wakinisalimia "padre" nami nikiitikia.

Jioni Athieno akanipigia simu. Sauti yake sikuielewa kama analia au anacheka.

"Wewe, umefanya nini nyumbani kwetu? Mama anasema moto sasa unapanda vizuri sana."

"Hilo tu?"

"Amemwambia baba, kijana anayekubali kubaki kwenye mavi kwa sababu ya heshima, huyo hawezi kumtesa mtoto wangu. Wazee wake waje."

Tukaenda, na wazee wangu, nimevaa suti, ndevu nimenyoa. Mnajua siku ile huwa ni mchezo, upande wa msichana wanajifanya hawawajui wageni kabisa. Msemaji wao akasimama, mzito, akanikazia macho, akauliza kama kawaida:

"Huyu kijana sisi hatumjui. Kuna mtu wa hapa amewahi kumwona?"

Jibu lake huwa ni kimya. Kutoka nyuma ya hema mwimbaji mmoja wa besi akajibu taratibu:

"Sisi tulimwogesha."

Hema zima likaangua kicheko, mjomba wangu akaangusha kofia, na kule mbali, alikokaa kwa heshima amenipa mgongo, nikamwona mama mkwe mabega yakimtikisika chini ya kitenge.

Tangu hapo nimeapa: sifungui mfuniko wa mtambo wowote, iwe Bulumbi iwe Tororo, kabla sijauliza majina ya watoto wote wa nyumba hiyo, hasa mabinti, na wanafanya kazi wapi. Kiapo nakishika vizuri sana. Tatizo ni kwamba sasa Athieno ni mke wangu, na anataka kujua majina ya mabinti ya nini tena.