Sweta la Tumaini

Wiki iliyopita, stendi ya Mikumi, nilimwona mtoto ameziba masikio huku mama yake amemkumbatia. Nikamkumbuka mdogo wangu, Tumaini.

Mwaka ule shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona, nasi tulishinda ndani, nyumbani kwetu Mabwerebwere. Tumaini hakuwa akiongea. Kila siku alivaa sweta lake la shule, akasimama mlangoni na kulia mpaka sauti ikamkauka. Mama alimpakata, akimsugua mgongo taratibu. Neno usonji, hali aliyozaliwa nayo, nilikuwa sijalisikia bado. Niliona ni ukaidi tu, na kwamba mama ananipenda mimi kidogo kuliko yeye.

Mchana mmoja maharage yaliungua jikoni kwa sababu mama hakuweza kumwacha Tumaini. Nikalificha lile sweta chini ya magunia ya mahindi. Nilidhani asipoliona atasahau shule.

Alilitafuta kila pembe, kisha akaanza kugonga kichwa ukutani. Mama akaweka kiganja chake pale, kikapokea kila pigo.

“Rehema, hujaliona sweta la mwenzio?”

“Sijaliona, mama.”

Ndipo mama naye akalia.

Jioni nililirudisha. Lilikuwa linanuka dawa ya mahindi. Tumaini akalinusa, akaliweka chini, na hakulivaa tena. Shule zilipofunguliwa, hakukubali kuvuka mlango.

Mpaka leo mama husema korona ndiyo iliyomfungia mwanawe ndani. Nami huitikia, “Ndiyo, mama.”