Waridi la Kumi na Nane

Jumamosi ile rafiki yangu wa mtaa wa Rinkeby aliniambia nisiende kwenye sherehe ya binti yangu, nami nikakubali. Ningeweza kukataa. Hakunishika mkono wala hakunifungia mlango. Nilivua koti mwenyewe nikaketi dukani kwake.

Mimi ni Mrundi, mke wangu Mfilipino. Tulikutana kanisani huku ugenini, tukapanga nyumba mtaa wa Hallonbergen, tukapata mtoto mmoja. Mimi niliosha mabasi, yeye alihudumia wazee. Binti nilimsemesha Kiswahili akanijibu Kiswidi, na sikuona tabu, maana mama yake naye alimsemesha Kitagalogi akajibiwa vivyo hivyo. Tulikuwa sare.

Mtandao ndio ulioivunja sare ile. Binti alipofika miaka kumi na mitano hivi, binamu zake wa Manila walimpata kwenye ukurasa wake. Akaanza kubandika picha za wali na samaki wa mama yake. Siku bondia wao alipopigana, aliweka bendera yao mahali pa picha ya uso wake. Kitagalogi alichokikataa mezani akakijifunza kwa kuandikiana na watu ambao hajawahi kuwaona, nao wakamwita mwenzetu. Manila hakuwa ameikanyaga. Penye nafasi ya asili yake aliandika Mfilipino, akaishia hapo.

Mstari ule niliusoma mara nyingi nikiitafuta nusu yangu. Niliwaonea wivu binamu, nikamwonea wivu mama yake, hata ile bendera. Lakini kwetu nani angemwandikia? Dada yangu wa Bujumbura hakuwa na kompyuta, na mimi sikumfundisha mtoto hata jina la kilima cha babu yake. Kosa hilo ni langu.

Alipokaribia miaka kumi na minane alitaka sherehe ya kwao, kama alivyoiona kwenye picha za binamu: wanaume kumi na wanane, kila mmoja anampa msichana waridi na kucheza naye. Orodha ikabandikwa mtandaoni. Mimi nilikuwa wa mwisho, nyuma ya mjomba wake, nyuma ya vijana wa kwaya, nyuma ya jirani anayeuza simu. Kwetu baba ndiye huanza.

Sikumuuliza mtu nyumbani. Nilimwonyesha rafiki yangu.

"Kumi na nane!" Alicheka mpaka akashika meza. "Mzee, yaani hata muuza simu kakupita! Bado kidogo wangekuandika na wapishi."

"Labda ni utaratibu wao."

"Utaratibu gani? Mtoto kashakuwa wao, wewe umebaki wa kubeba mizigo. Kaa hapa unywe chai. Wakutafute."

Nikakaa. Simu ililia mara tatu nikaiacha. Ya nne nikapokea.

"Pappa, uko wapi?" aliniuliza kwa Kiswidi. "Wameshacheza kumi na wawili."

"Cheza na Wafilipino wenzako."

"Lakini wewe ndiye wa mwisho, Pappa," akasema, kana kwamba hilo lilitosha kunieleza kila kitu. Nikakata.

Kesho yake asubuhi mke wangu alinieleza, bila kupaza sauti. Katika sherehe yao waridi la mwisho hulitunza kwa heshima ya baba. Wale wengine wote ni wa kumtangulia. Binti alisimama peke yake katikati ya ukumbi, wimbo ukaanzishwa mara mbili, kisha mjomba akarudi kucheza naye kwa mara ya pili. Picha ilikuwa mtandaoni tayari. Watu wa Manila wasioijua familia yetu walimpongeza mjomba wakidhani ndiye baba. Hakuna aliyewasahihisha. Hata binti.

Nilipaswa kumwomba radhi. Badala yake nilimwamuru aifute picha. Hakuifuta. Aliniondoa miongoni mwa marafiki zake mtandaoni, na mwaka uliofuata akahama nyumbani.

Sasa ameolewa, mjomba ndiye aliyemsindikiza kanisani. Ana watoto wawili ambao sijawahi kuwaona. Nilimpoteza mtoto wangu wa pekee, na hakuna aliyeninyang'anya.