Neno Nililomnyima Mpiga Dawa

Nilikuwa mtunza stoo wa chuo kimoja cha ualimu upande wa Bariadi, enzi hizo tukiwa bado mkoa wa Shinyanga, na kusema kweli nilikuwa na kiburi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, cheti cha kidato cha nne na funguo saba kiunoni. Ukutani nilibandika masharti ya usalama kwa mwandiko wangu mwenyewe: usile humu, usivute sigara humu, sumu na chakula visikae pamoja. Chini ya karatasi hiyo tulipanga magunia ya unga wa wanachuo, na pembeni ya magunia yakakaa madebe ya dawa ya pamba, maana stoo ilikuwa hiyo hiyo moja.

Chuo kilikuwa na shamba la pamba, na mpiga dawa wake alikuwa mzee mmoja wa kijiji cha Shishiyu. Damu zetu hazikupatana. Aliniita mayu, kwa heshima kama anaongea na mama yake, halafu hasikii neno langu hata moja. Nilipompa glavu alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na baada ya siku mbili nikamkuta amefungia ndani yake mbegu za maboga. Siku nyingine nilimkemea mbele ya wanachuo kwa sababu alikuwa anakula kiporo shambani bila kunawa. Hakukasirika.

"Mayu," alisema taratibu, "mimi nimeanza kupiga dawa wewe hujaota meno. Nifundishe mengine."

Wanachuo walicheka. Kicheko kile kilinikaa kooni wiki nzima.

Hapa inabidi nieleze habari ya dawa yenyewe. Kwa miaka mingi dawa ya pamba ilitufikia kupitia ushirika ikiwa tayari kwa kazi. Chupa unaikaza kwenye bomba la betri, unawasha, unatembea ukiangalia upepo, basi. Maji hayakuhusika kabisa, na watu waliipenda kwa hilo, kwani visima viko mbali na mashamba. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi waliingia na malori yao, mizani yao, na dawa zao. Msimu ule mkuu wa chuo alinunua kwa mmoja wao madebe manne madogo ya dawa ambayo hatujawahi kuiona, pamoja na bomba jipya la kubeba mgongoni. Niliisoma karatasi ya debe kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: kifuniko kimoja cha dawa kwa ndoo moja ya maji. Nilirudia kusoma mpaka nikawa na uhakika.

Kesho yake alfajiri mzee akaja. "Mwangaluka, mayu," akasalimu, nikaitika. Alichukua debe moja, akalipita lile bomba jipya ambalo lilikuwa bado kwenye boksi, akaenda moja kwa moja kwenye bomba lake la betri lililokuwa limetundikwa msumarini. Nilijua pale pale atakachofanya. Ataijaza ile chupa dawa tupu, kama alivyozoea, na kama Usukuma nzima ilivyozoea. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Nikajisemea moyoni: haya, si fundi wewe?

Nilidhani dawa itaunguza majani ya pamba, mkuu atamfokea, na yeye atarudi kwangu kuniuliza inatumiwaje. Nilitaka aje aniulize. Wala sikutaka zaidi ya hapo.

Saa nne asubuhi wanachuo waliokuwa wanapalilia shamba la jirani walikuja mbio. Mzee ameanguka kati ya mistari, anatapika. Nilifika nikamkuta amelala ubavu, mate yanamtiririka, shati limeloa jasho na dawa, misuli ya mashavu inachezacheza. Nilimwita baba, akageuza macho asinione.

Tulimpakia kwenye Landrova ya chuo. Kabla sijapanda, mkuu alinivuta kando. Wakati ule serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na kila mtu alikuwa anaogopa jina lake kuingia kwenye orodha. Aliniambia nimwache yeye azungumze na wauguzi, kwamba mzee alikuwa na homa tangu jana, na kwamba madebe ya dawa yabaki stoo. Nikaitikia. Kisha nikaingia stoo, nikatia debe moja la dawa ile kwenye kiroba, nikakaa nalo nyuma kwenye gari, miguu ya mgonjwa ikiwa mapajani mwangu.

Hospitali ya wilaya ilikuwa imejaa, masika yameshika, karibu kila kitanda ni malaria. Tabibu alikuwa kijana, amechoka, na alipomsikia mkuu akisema homa alianza kuandika kwinini. Pumzi za mzee zilikuwa zinakoroma kama maji yanayochemka chini ya mfuniko. Mkuu alinitazama.

"Sio malaria," nikasema, nikalitoa debe. "Amepiga dawa hii tangu alfajiri. Hajaichanganya na maji."

Tabibu alisoma karatasi, akamfunua mgonjwa kope, akaita watu. Mboni zilikuwa zimebana zikawa nukta. Waliagiza sindano za atropini za kuvunja nguvu ya sumu, zikapatikana chache. Mimi nikapewa ndoo na sabuni ya mche, nikaambiwa nimvue nimwoshe mwili mzima haraka, kwa sababu sumu ilikuwa bado inaingilia kwenye ngozi. Nilimwosha mtu wa umri wa baba yangu kifua, mapaja, kila mahali, huku nalia, na hakuna aliyeniuliza nalilia nini. Kila alipochomwa sindano pumzi ilinyooka kidogo, halafu ikaanza tena kukoroma. Tuliendelea hivyo mpaka jua lilipoanza kushuka. Ndipo akataka maji ya kunywa.

Alipona, ila mikono ilibaki inatetemeka. Wauguzi walimsimulia kwamba yule mayu wa stoo ndiye aliyemkatalia mkuu wake na kuleta debe, na kwamba bila hivyo angekuwa marehemu.

Baada ya wiki mbili kikaitwa kikao. Ofisa kutoka wilayani alikuja akitaka kujua jambo moja tu: nani alizembea. Ikiwa ni stoo, mtunza stoo anaondoka. Ikiwa ni shamba, anaondoka mpiga dawa. Mzee aliingia, akasimama, akaanza kusema kabla hajaulizwa.

"Huyu mayu asiguswe. Aliniambia nichanganye na maji, na bomba la betri alinikataza. Kichwa changu ndicho kigumu."

Ofisa alinigeukia. "Ni kweli ulimwambia?"

Nilimtazama mzee. Aliniinamishia kichwa kidogo, kama mtu anayemhimiza mtoto apokee alichopewa. Nikasema ndiyo.

Barua yake ya kuachishwa kazi iliandikwa siku ile ile. Jioni alikuja stoo kurudisha bomba la betri, amelifuta vumbi lote. Nilitaka kumpigia magoti nimweleze, na nilikuwa nimeshafungua mdomo, lakini akaniwahi.

"Usisikitike kwa maneno niliyosema kule ndani," aliniambia. "Dawa ile ni ngeni, hata wewe hukuijua. Ungejua, ungeniambia."

"Ndiyo, baba," nikamjibu, nikapokea bomba.