Vidonge Ndani ya Kopo la Biskuti

Losivale alikuwa mtu wa kushuku. Kijijini kwao, katika kisiwa cha Savai'i huko Samoa, walisema hata samaki wa kupewa alimnusa mara mbili kabla ya kusema asante. Vidole vyake vilipoanza kuvimba na kukakamaa kila asubuhi, alishuku kila mtu.

Na alikuwa na haki ya kuhangaika. Binti yake alikuwa anaolewa, na mkeka laini wa kumsindikizia, kazi ya miaka, ulikuwa bado haujamalizwa ukingo. Ungefunuliwa mbele ya ukoo mzima wa bwana harusi, na ukingo ukienda upande, aibu ni ya mama.

Daktari alimtoa damu, akasema ni ile baridi yabisi ambayo kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe na kuharibu viungo. Akampa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki. Losivale akaona hapa pana namna. Mwili gani unaojipiga? Dawa gani ya kweli inayomezwa siku moja tu? Tena kwao inajulikana: kuna maradhi ya Kisamoa, yanayoletwa na mizimu, na mwenye nayo akichomwa sindano au akimeza dawa ya hospitali, ni kaburi. Basi akavificha vidonge ndani ya kopo la biskuti, akamwita Tilomai, binamu ya marehemu mama yake, aje amkande.

Tilomai alikanda kwa mafuta ya nazi jioni baada ya jioni. Losivale alilala vizuri, lakini asubuhi vidole vilikuwa vilevile. Akaanza kumshuku na yeye. Akaitazama ile mikono iliyomkanda: kidole kimoja kimepinda vibaya, vingine vimenyooka na ni vyepesi.

"Mama mdogo, hiki kidole kilipatwa na nini?"

"Ugonjwa wako huohuo."

"Na hivi vingine alikukanda nani?"

Tilomai akatoa kikapuni paketi ya vidonge. Losivale akavitambua, na hasira zikampanda.

"Kumbe mimi unanipaka mafuta, wewe unameza vya hospitali?"

"Nilidhani na wewe unameza. Mafuta yanatuliza tu, hayazuii kitu. Mimi nami niliogopa sindano, nikangoja mizimu inihurumie. Hiki kidole ndicho kilichongoja."

Losivale akaleta kopo lake. "Haya, meza wewe kwanza nikuone."

"Simezi. Siku yangu Jumatano, leo Ijumaa. Nikizidisha vitaniua. Na wewe usiguse mpaka wakupime damu upya."

Angemeza, Losivale angelitupa lile kopo baharini. Kukataa kwake ndiko kulikomwamsha: dawa ya uongo haiogopwi hivyo wala haina siku yake. Jumatatu alimnyooshea nesi mkono, akaikodolea macho sindano mpaka ikatoka.

Majibu yalipotoka akaanza kumeza. Nafuu ilikuja polepole, lakini ilikuja. Siku ya harusi wanawake wa upande wa pili waliukagua ukingo kidole kwa kidole, wakausifu. Ni Losivale peke yake aliyeiona kona iliyopinda, ile aliyoisuka vidonge vikiwa bado kwenye kopo.