Mkono wa Kijiko

Darasa letu la udaktari wa mifugo lilimwita mwenzangu wa chumbani Kijiko kwa sababu ya mikono yake. Ni mifupi. Sufuria ikiwa kwenye rafu ya juu chumbani kwetu, mimi ndiye ninayeitwa kuishusha, na ndiyo maana wakanibandika jina la Mlingoti, ambalo sijalipenda hata siku moja. Tumekaa chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza. Nilidhani namjua, mpaka ilipofika zamu yetu ya kwenda kwa ng'ombe.

Kwa asiyeijua kazi hii: ukitaka kumpima ng'ombe mimba, unavaa glovu ya plastiki inayofika begani, unaipaka mafuta, unaingiza mkono kwenye njia ya haja kubwa, kisha unapapasa mji wa mimba kupitia ukuta wa utumbo. Huoni kitu. Macho yanatazama bati la banda huku vidole vikitafuta. Ndugu zetu wakituuliza tunasoma nini, tunasema "mifugo" halafu tunawauliza habari za nyumbani.

Mtihani wa kwanza Kijiko alianguka, tena kwa kishindo. Aliingiza mkono, akafumba macho, uso ukamng'aa.

"Kichwa cha ndama, mwalimu! Hiki hapa, cha mviringo kabisa."

Mwalimu wa vitendo ni mzee mwembamba asiyecheka ovyo. "Endelea kukishika," alisema.

Kijiko akakibinya kidogo. Ng'ombe akainua mkia, akakojoa, akazidi kukojoa, buti za Kijiko zikajaa, na kile kichwa cha ndama kikaisha chote. Kumbe alikuwa ameshika kibofu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mwalimu alingoja tunyamaze, akamwambia kuna nafasi moja tu iliyobaki, mwisho wa muhula, na akiikosa atarudia mwaka.

Kwa Kijiko, kurudia mwaka ni kuacha. Mjomba wake aliyemlea alikwisha kusema kwamba akirudi nyuma hata hatua moja, afunge vitabu akauze dukani, maana kazi ya ng'ombe ina watu wake na watu wake wana mikono mirefu. Mjomba si mbaya. Ni mtu tu anayependa aonekane alisema kweli.

Basi tukaanza mazoezi. Natia vitu ndani ya foronya, yeye anaingiza mkono bila kutazama: kitunguu, soksi iliyojaa mchele, puto la maji. Hakukosea hata kimoja. Vidole vyake havikuwa na kasoro, kasoro ilikuwa umbali. Mimba ikifika miezi mitano hivi, mji wa mimba unakuwa mzito na kutumbukia chini tumboni, na mkono mfupi unabaki kupapasa patupu.

"Sasa mwenye mkono mfupi afanyeje?" alimwuliza mwalimu mbele ya darasa zima. Mimi ndiye niliyeona haya.

"Ukishindwa kumfikia mtoto, tafuta njia inayopita chakula chake," mwalimu alijibu. "Kuna mshipa wa damu unaokwenda kwenye mji wa mimba. Uko karibu, mmoja kila upande wa nyonga. Ng'ombe asiye na mimba, mshipa unadunda. Mwenye mimba kubwa, unatetemeka."

"Kutetemeka kukoje, mwalimu?"

"Utajua ukiugusa."

Jibu gani hilo! Mimi ningeshukuru, nikaketi. Kijiko lilimkaa kooni. Kuanzia siku hiyo hakuna kilichopona mikononi mwake: paka wa jirani akikoroma, jokofu la kantini, kifuniko cha sufuria kinachochemka. Alinishika hata shingo nikiwa nakula.

"Niache nimeze, wewe!"

"Tulia. Wewe unadunda tu, hutetemeki."

"Nitetemeke, kwani nina mimba?"

Bandani nako, kila ng'ombe mwenye mimba aliyeruhusiwa kumgusa, alitoka kwake amenuna. Mshipa anaupata, lakini unanyamaza mkononi mwake. Nikaanza kumwonea huruma, na huruma yangu huja na hasira. Nikamwambia Kijiko huenda mjomba wake alisema kweli.

Siku mbili baadaye tulikuwa tunaosha sakafu ya banda. Nikasikia naitwa kama nyumba inaungua.

"Mlingoti! Njoo ushike hapa!"

Alikuwa ameshika mpira wa maji. "Ukiuachia, maji yanajipitia. Ukiubana sana, kimya. Ubane nusu."

Nikaubana nusu. Mpira ukanitetemeka vidoleni, mtetemo mdogo usiokatika.

"Siku zote hizi nauminya mshipa kama nakamua ndimu," alisema. "Naukaba mwenyewe, halafu nauliza kwa nini hausemi."

Siku ya mtihani alipewa ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe kiunoni. Mimi nilikuwa nimeshika mkia, ndiyo zamu yangu. Kijiko aliingia mpaka bega, akasimama kwa ncha za vidole, shavu likagusa nyonga ya ng'ombe. Nikaona anavyonyoosha, nikajua hafiki. Laiti mikono ingeazimwa, ningempa wangu pale pale. Akashusha visigino. Mkono ukarudi nyuma kidogo, ukageukia upande mmoja, kisha wa pili, ukatulia. Alikaa hivyo muda mrefu, hata mwalimu akakohoa.

"Ana mimba," Kijiko akasema. "Miezi mitano, labda sita."

"Umemgusa ndama?"

Aseme ndiyo, nilimwomba kimoyomoyo, nani atajua?

"Hapana, mwalimu. Mkono wangu haufiki."

"Kabla yako wamepita wanne wenye mikono mirefu. Wawili wamempima huyu huyu wakasema hana kitu. Wewe usiyefika umejuaje?"

"Mshipa unatetemeka. Wa kushoto zaidi kuliko wa kulia."

Mmoja wa wale wawili, niseme ukweli, alikuwa mimi. Nilibaki nimeshika mkia wa watu.

"Miezi mitano na nusu," mwalimu alisema. "Umefaulu. Toa mkono, aje ng'ombe mwingine."

Nilitaka kupiga vigelegele nikakumbuka nilichokishika. Kijiko hakutoa mkono.

"Mwalimu, samahani. Mtihani si umekwisha?"

"Umekwisha."

"Basi naomba nikae naye kidogo tu. Nilikuwa na woga, sikumsikia vizuri huyo ndama."

Mwalimu akatazama foleni, akamtazama ng'ombe, ambaye alikuwa akitafuna zake. "Kidogo tu," akasema. Kijiko akaegemeza tena shavu, akafumba macho, na sote tukamngoja.